Asteria na Ng'ombe wa Nne

Wenye kijarida hiki cha wafugaji wamenisumbua tangu mavuno ya mpunga. Kila wakipita: "Bibi, tuandikie habari za mkamwana wako." Kwani yeye hana mikono? Amesoma mpaka chuo, mimi nimesoma kisomo cha watu wazima, na mwalimu akahama kabla hatujafika kugawanya. Nikawaambia wakamwulize mwenyewe. Wakasema wamemwuliza, akawajibu hana cha kueleza, kazi yake iko mnadani, anayetaka aende akaone. Haya. Basi nitaandika kama ninavyosema, na atakayegusa maneno yangu asije kwangu kuomba maziwa.

Asteria ni mke wa mwanangu Marselino. Kwao ni Kolandoto. Baba yake alikuwa akifua mashuka ya hospitali ya misheni, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku. Binti hakuchukua upole ule. Siku tulipopeleka mahari, marehemu mume wangu alichomeka humo dume mmoja aliyekonda, mbavu nje. Wazee wa kwao wakatazama, wakanyamaza kwa adabu. Binti, ambaye siku hiyo hakupaswa hata kuonekana, akachungulia mlangoni akasema kwa sauti, "Yule wa mwisho ni ng'ombe au ni ngozi inatembea?"

Wazee wakacheka, mume wangu akanuna, dume akabadilishwa. Njiani nikamwambia mume wangu, huyu ananifaa. Wapole nyumbani kwangu walikuwa wameshazidi.

Alifundisha hesabu sekondari kwa mkataba. Mkataba ulipokwisha wakamwambia akae nyumbani asubiri simu. Hakuisubiri. Alifungua darasa barazani kwangu hapa Kagongwa, watoto wa wafanyabiashara wa mchele wakija jioni na viti vyao, na mchana akikaa na kompyuta yake akihesabu mambo ambayo hakuna aliyemtuma. Majirani wakaniuliza, "Mayu," yaani mama kwa lugha yetu, "mkamwana wako anafanya nini na ile mashine kutwa nzima, hata mboga hachumi?" Nikawajibu kwamba mboga zangu nachuma mwenyewe, na wao wakachume zao.

Mambo ya hii mizani yake ya ng'ombe yaliletwa na dume wangu mweusi. Asiyejua mnada wetu nimwambie: ng'ombe pale anauzwa kwa macho. Dalali, anayewanunulia wenye malori ya Geita, anamzunguka, anampiga kofi mgongoni, anafumba jicho moja kama anayelenga manati, kisha anataja kilo. Ukibisha anakuuliza wewe umeona nini ambacho yeye hakukiona. Mkubwa wao ni Donatus, mwenye kofia pana na fimbo ya mpingo. Huyo Donatus alimtazama dume wangu akasema kilo mia tatu. Nikabisha, nikachoka, akauzwa hivyo, akapakiwa lori la Geita. Huko machimboni wachimbaji wanakula nyama kama sisi tunavyokula ugali, na Marselino ana bucha huko. Dume akafikia bucha la jirani yake. Marselino akaitambua chapa yetu, akamsubiri mpaka akatundikwa, akapiga simu.

"Mama, nyama peke yake imepita kilo mia mbili. Kichwa kimetoka, ngozi imetoka, matumbo yametoka."

Asteria akaisikiliza simu ile, akachukua kijiti, akachora namba mchangani. "Ng'ombe wa kilo mia tatu hatoi nyama hiyo, mama. Huyu alikuwa anaikaribia mia nne."

"Tutafanyaje? Ameshaliwa."

"Ameliwa kwa macho kabla hajaliwa kwa meno," akasema. "Anayefuata tutampima."

Akaenda Nyahanga, kule Kahama mjini, kwa fundi mmoja anayeitwa Marwa. Huyo anachomelea vyuma na anajua pia vifaa vya umeme. Akamtengenezea bamba la chuma la kuweka ndani ya kibano, ile njia nyembamba ya magogo tunapowabanisha ng'ombe wakati wa chanjo. Chini ya bamba kuna vipima uzito vinne, kimoja kila kona. Ubavuni kuna kisanduku chenye kioo kidogo cha kuonyesha namba. Mwenyekiti wa kamati ya mnada akakubali lijaribiwe.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo, maana watu wanadhani ni kuweka bamba tu. Ng'ombe hatulii. Anahema, anakanyaga, anajitupa mbele, na namba zinarukaruka kama panzi. Hesabu ya kuzituliza Asteria aliiandika kwa lugha moja ya kompyuta ambayo jina lake la Kizungu limenishinda. Mimi naiita lugha ya majedwali, maana humo kila kitu ni jedwali. Unaandika neno moja, jedwali zima linajumlishwa. Lugha nzuri, lakini inataka kompyuta kamili, na kisanduku cha Marwa kina ubongo kama punje ya mtama. Ubongo ule unaendeshwa na lugha nyingine, jina lake herufi moja tu, C. Hiyo ni lugha ya kiaskari. Inataka uiambie mapema: ni ng'ombe wangapi, namba ngapi, za aina gani. Usipoiambia haikupokei.

Ipo programu ya kugeuza. Unaipa maandishi ya majedwali, nayo inakutolea maandishi ya C, marefu kama foleni ya kisimani mwezi wa kumi. Asteria akaiambia: ng'ombe wanne, kwa sababu kwenye kibano tunawaingiza wanne wanne, kila mmoja akikanyaga bamba kwa zamu yake na kisanduku kikishika namba zake, na kila ng'ombe namba nne, kwa zile kona nne za bamba. Kwa hiyo jedwali lake ni nne kwa nne. Kila ng'ombe ana safu yake, namba zake zimesimama moja juu ya nyingine. Jumlisha safu, huo ndio uzito wake.

Tukajaribu nyumbani kwa mitamba wangu wanne, wa umri mmoja na mwili mmoja, ukiwaona utadhani wamezaliwa tumbo moja. Namba zikatoka zinafanana kama wao wenyewe. Nikachinja jogoo.

Siku ya mnada watu walijaa kuliko siku ya mgombea ubunge. Akaingizwa dume mkubwa wa mtu wa Isaka, wakafuata majike wawili, mwisho ndama aliyekuwa bado anatafuta ziwa la mama yake. Asteria akabonyeza. Kioo kikaonyesha namba nne, yeye akazisoma kwa sauti, na niliona sauti yake inapungua anavyosoma. Dume: mia mbili na sabini. Ndama: mia mbili na kumi na tisa.

Kisha Donatus akavua kofia.

"Jamani, ndama huyu ananyonya saruji?"

Mnada ukapasuka kwa kicheko. Mmoja akadakia, "Mwacheni, huyo ni babu yake dume, kafupika tu!" Mwingine: "Mayu, na mimi nipimwe nitoke trekta!" Nikamwambia huyo kwamba yeye angetoka jembe la mkono, tena bila mpini, lakini nani alinisikia.

Mwenyekiti wa kamati akaja akifuta machozi ya kicheko. "Mama Luka," akamwambia Asteria, maana mtoto wao ni Luka, "nakupa mnada mmoja tena. Ikikosea, bamba litoke kwenye kibano na habari ya mizani iishie hapo."

"Nimesikia, mwenyekiti. Mnada ujao uje mapema, upate nafasi ya mbele."

Alisema hivyo huku akikifuta kioo kwa pindo la kanga.

Kesho yake asubuhi Donatus akabisha hodi na mfuko wa sukari.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Mayu, mashine ni nzuri, imekosa wenyewe tu. Tupeni sisi madalali tuisimamie. Mkamwana apumzike na watoto. Sisi tunajua namba ya kusoma."

Asteria alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Namba ya kusoma au namba ya kutaja, kaka Donatus?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo hiyo hiyo. Ingekuwa hiyo hiyo usingeamka mapema na sukari."

Nikamrudishia mfuko wake. Nikamwambia akainywee chai nyumbani, hasira inahitaji kitu kitamu.

Basi Asteria akakaa barazani na ile kompyuta. Alisoma maandishi yake ya majedwali tangu mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno, hakuona kosa. Ni mistari michache, yote ya mkono wake, na mtu akiangalia kitu cha mkono wake anaona alichokusudia, haoni alichoandika. Akampigia Marwa simu. Marwa akasema chuma chake hakina kosa, vipima havina kosa, pengine ile programu ya kugeuza ndiyo mbovu, aiache, atafute mtaalamu amwandikie upya kila kitu.

"Kabla sijaisingizia nitasoma ilichoandika," Asteria akasema.

"Dada, C iliyotolewa na programu haisomwi na binadamu! Hayo yameandikwa kwa ajili ya mashine."

"Yameandikwa kutokana na maneno yangu. Nitayasoma."

Akayasoma. Watoto walikuja na viti vyao jioni, wakakuta mwalimu amejiinamia, wakarudishwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Mimi nilipika, nikachota maji, nikawafukuza wachunguzi. Ilikuwa mchana, jua kali, aliponiita.

"Mama, njoo."

"Mimi nitaona nini humo?"

"Njoo tu, nataka mtu wa kumwambia."

Akanionyesha mahali kwa kidole. Sikuona kitu ila michirizi, lakini alinieleza mpaka nikaelewa, nami nawaeleza ninyi. Kabla ya kujumlisha, ile C ilikuwa na mistari ambayo Asteria hakuiandika. Inachukua namba moja moja, ya safu hii inaipeleka mstari ule, ya safu ile inaipeleka mstari huu, mpaka jedwali zima limegeuka. "Inawalaza," akasema. "Ng'ombe walikuwa wamesimama, inawalaza ubavu. Nani ameiambia iwalaze?"

Akarudi kwenye maandishi yake ya majedwali, mahali pale pale. Palikuwa na neno moja tu. Ng'.

Jedwali lake alikuwa amelipa jina la mkato, ng, yaani ng'ombe. Lakini mkono wa Asteria haujui kuandika ng hiyo bila ule mkwaju mdogo juu yake. Na nani kwetu anajua? Ng ya ngoma ni tupu, ng' ya ng'ombe ina mkwaju. Walimu wanauita ritifaa. Mwalimu wetu wa kisomo aliuita pembe, akasema ukiisahau umemkata ng'ombe pembe, na mtu mzima akiisahau alisimamishwa mbele. Pale jedwali linapozaliwa lugha iliikataa pembe hiyo, Asteria akaitoa. Pale linapojumlishwa mkono ukaiweka wenyewe, na lugha ikanyamaza. Ilinyamaza kwa sababu waliotunga lugha ile hawafugi ng'ombe wetu. Kwao alama hiyo, ukiipachika nyuma ya jina la jedwali, ni amri: laza jedwali, safu ziwe mistari, mistari iwe safu.

Kwa hiyo mashine ilichukua kona ya mbele kushoto ya dume, na ya jike wa kwanza, na ya jike wa pili, na ya ndama, ikazijumlisha, ikasema huyu ndiye ng'ombe nambari moja. Ng'ombe mwenye bega moja la kila mtu! Mitamba wangu wanafanana, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyegundua. Na ile C ya kiaskari, yenye ukali wa kuuliza vipimo, nayo haikugundua, maana nne kwa nne ukiilaza ni nne kwa nne. Tungekuwa na mtamba wa tano ingepiga kelele siku ya kwanza. Kwenye lugha ya majedwali kosa lilikuwa dogo kama mguu wa mbu. Kwenye C likatandazwa wazi, mistari kadhaa, ndipo akaliona.

Asteria alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Mama, kosa hili mtu wa Ulaya hawezi kulifanya hata akilipwa. Ni la kwetu."

"Basi usilionee haya. Lirekebishe."

Marwa akaja na pikipiki kuweka maandishi mapya ndani ya kisanduku. Asteria alitaka safari hii kioo kisitaje namba tupu, kiandike na neno lenyewe, Ng'ombe 1, Ng'ombe 2, ili hata anayesoma kwa shida ajue kinachosemwa. Marwa akakuna kichwa.

"Dada, ushauri wangu, hizo alama zifute zote, hata kwenye kioo. Andika ngombe. Au andika Kiingereza, yaishe. Mashine hazipendi vitu vya hivyo, na umeshaona vilivyokufanyia."

Mimi nilikuwa nachambua choroko. Nikaweka ungo chini. "Wewe unaitwa nani?"

"Marwa, bibi. Unanijua."

"Mashine yangu haipendi r. Kuanzia leo unaitwa Mawa."

"Bibi, ni kioo tu. Nani atakisoma?"

"Mimi nitakisoma. Nimekaa kwenye benchi la watoto na mvi zangu kujifunza kuandika neno hilo. Ngombe ni nini? Umewahi kumkamua ngombe? Mimi nafuga ng'ombe. Kama mashine haiwezi kumtaja, isimpime."

Marwa akamtazama Asteria amwokoe. Asteria akasema, "Ndani ya hesabu jedwali litaitwa kundi, halitakuwa na ng ya aina yoyote. Kwenye kioo atabaki ng'ombe." Ikamlazimu kuhangaika tena, kwa sababu lugha ile ya majedwali inatumia alama hiyo hiyo kufunga na kufungua maneno ya kuandikwa. Dawa yake, akaniambia, ni kuiandika mara mbili ili itoke mara moja. Nikamwambia hata mara kumi, mradi itoke.

Kisha akabadilisha majaribio. Hakupima tena mitamba. Aliomba kwa majirani mbuzi, ndama, na jike mwenye mimba, akamwingiza na punda wa mzee Adam. Kila mmoja akatoka na uzito wake.

Mnada ukafika. Mwenyekiti alikuja mapema kweli. Akaingia dume, kioo kikasubiri. Akaingia jike, akaingia mtamba. Kabla wa nne hajaingizwa Donatus akapiga fimbo kwenye gogo.

"Simama! Hawa wanawake wamewajua ng'ombe hao tangu jana, wameandika kilo humo kabisa! Ingizeni kitu ambacho hawakukipanga!"

"Kitu gani?" Asteria akauliza. "Chagua wewe."

Donatus akaangalia huku na huku. Sauti ikatoka nyuma, mpaka leo sijui ya nani: "Apande dalali mwenyewe!"

Mnada mzima ukaitikia. Apande! Apande! Akakataa, akacheka, akakataa tena, na kila akikataa wanazidi. Mwishowe akaingia kwenye kibano na kofia yake na fimbo yake, akasimama juu ya bamba ametanua miguu kama anapigwa picha. Asteria akabonyeza. Kisha akanigeukia.

"Soma, mama."

Nikasogea. Nikasoma polepole, kwa sauti. Ng'ombe wa kwanza, kilo mia nne na kumi na mbili. Ng'ombe wa pili, mia mbili na hamsini na nane. Ng'ombe wa tatu, mia moja na tisini. Na ng'ombe wa nne, nikasema, nikamtazama Donatus usoni, kilo tisini na nne.

Watu walilala chini kwa kicheko. "Ng'ombe wa nne hana mkia!" "Huyo asipelekwe Geita, hatoshi lori!" Donatus akatoka mbio, akapaza sauti, "Uongo! Mimi ni themanini! Themanini na tano!" Wakamshika mkono, wakamvusha barabara mpaka kwa muuza mchele, akapandishwa kwenye mizani ya magunia. Tisini na nne. Akasema ni kofia.

Kamati ikakaa siku hiyo hiyo. Tukafikiri yamekwisha. Mwenyekiti akasimama akatangaza: mizani ibaki. Tukapiga vigelegele. Kisha akamalizia: lakini si lazima. Atakayeomba atapimiwa ng'ombe wake, asiyeomba atauza kama zamani, na mwisho wa mwaka kamati itaangalia kama kuna anayeihitaji. Nikamwona Donatus anatabasamu chini ya kofia, nikajua kicheko chetu kilikuwa kifupi.

Tangu siku hiyo Asteria anasimama pale kila mnada. Mnada wa kwanza waliomba wengi. Uliofuata wakapungua. Madalali hawabishani naye tena. Wanapita zizini kwa upole, wanamwambia mwenye ng'ombe, "Ukipima, mimi simnunui." Wengine wamesambaza kwamba bamba linaharibu mimba. Mnada uliopita hakuomba hata mtu mmoja. Asteria alisimama kwenye kibano tangu asubuhi mpaka lori la mwisho likaondoka, kioo kimewaka, hakuna ng'ombe aliyetajwa juu yake. Nikamwambia turudi nyumbani. Akasema, "Kamati isije ikasema ilinitafuta ikanikosa."

Sasa mmeniomba habari, nimewapa, na mimi nataka yangu. Wewe unayesoma hapa una ng'ombe, au una ndugu mwenye ng'ombe, la sivyo kijarida hiki kisingekufikia. Mnada ujao usimpitishe kwa macho. Simama langoni, sema kwa sauti wasikie mpaka kwenye malori: "Wangu apimwe." Dalali akinuna, mwache anune, ana lori na mafuta ya kulipia, hatarudi Geita na lori tupu. Njoo na jirani yako naye aseme hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye gogo la kushoto, karibu na kioo, na ninawajua wengi wenu kwa sura. Atakayepita kimya nitamwita kwa jina lake mbele ya watu.